Ukiumia kazini Tanga: namna ya kulinda ushahidi wa daktari na asilimia yako ya ulemavu

Katika daftari la zahanati ya shamba moja la mkonge, njia ya Muheza, kuna mstari ulioandikwa hivi: "Kidole, kasafishwa, kafungwa." Basi, hakuna zaidi. Aliyeandikiwa mstari huo kazi yake ilikuwa kulisha majani kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Mkono wa kulia ulivutwa na majani, vidole viwili vikasagika na mshipa wa fahamu unaopita kiganjani ukakatika. Miezi minane baadaye, tulipokaa na karatasi zake mezani, kila aliyezipitia alianzia kwenye mstari ule, na kila mmoja akauliza hilo hilo: kidole kipi? Na haya mengine yametokea wapi?

Wakati huo nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na kuanzia siku ile nimewasindikiza wenzangu wengi mpaka hospitali ya Bombo na kwingineko. Nimejifunza kwamba fidia hufuata kilichoandikwa na daktari, na daktari huandika alichoambiwa na alichopima. Hapo katikati ndipo watu wetu wanapopotezea haki. Mwongozo huu ni wa hapo katikati. Ni kwa wa korona na wa brashi, kule singa (nyuzi za mkonge) zinakosuguliwa, wa bandarini, wa viwanda vya saruji na chokaa, na wale wa malori ya Segera.

Sheria kwa ufupi, kabla ya hatua. Tanzania Bara inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunauita WCF. Michango ilianza kukusanywa Julai 2015 na malipo ya fidia yakaanza Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona mshahara wako umekatwa kwa jina la WCF, hilo ni kosa, kaulize. Na mwajiri ambaye hajajisajili amevunja sheria yeye, si wewe, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba huna la kudai kwa sababu "kampuni bado haijaingia".

Hatua ya 1: Siku ile ile, sema sababu

Tibiwa kwanza. Lakini ukiwa bado kwenye benchi la mapokezi, kama una uwezo wa kusema, au mwenzako aliyekuleta aseme kwa niaba yako, mwambieni anayeandika mambo haya hata kama hakuuliza: umeumia kazini, saa ngapi, kwenye mashine gani, ulikuwa unafanya nini, upande gani wa mwili, na umegongwa wapi na wapi. Kisha muombe kwa adabu: "Naomba uandike kwamba ni ajali ya kazini."

Sababu yake ni hii. Daktari atakayekupima ulemavu baada ya mwaka hakuwepo siku ya ajali. Anachofanya ni kuunga: jeraha hili analoliona leo, je, ndilo lile la tarehe ile, na lile la tarehe ile lilitokana na kazi? Kama karatasi ya siku ya kwanza inasema "ameanguka" bila kusema ameanguka wapi, kiungo cha kwanza cha mnyororo hakipo. Unaweza kuwa na picha kumi za eksirei zinazoonyesha mfupa uliovunjika, zote zikathibitisha kuvunjika tu, pasi na kuonyesha umevunjikia wapi.

Jambo la pili la siku hiyo ni kutaja kila mahali panapouma, si pale panapouma zaidi tu. Aliyeangushwa na gunia la saruji atalia na mguu uliovunjika, na mgongo hatausikia mpaka wiki ya tatu. Wiki ya tatu akisema mgongo unauma, anaulizwa mbona hakusema mwanzo. Ukikumbuka baadaye, rudi ndani ya siku chache, sema, uandikwe.

Ikiwa ajali ni ya gari au pikipiki ukiwa kazini, kuna na PF3, fomu ya polisi. Usiiache.

Hatua ya 2: Taarifa kwa mwajiri, kwa maandishi

Hii haina mengi. Mwajiri akishapata taarifa anatakiwa aufikishie Mfuko ndani ya siku 7. Madai yenyewe yana miezi 12 tangu ajali. Miezi 12 inaonekana mingi mpaka uione inavyoisha mtu akiwa amefungwa hogo. Kumwambia nyapara kwa mdomo ni kutoa taarifa, lakini nyapara hukana, huhama na hufa. Andika barua ya nusu ukurasa, ubaki na nakala yenye sahihi au mhuri wa mapokezi. Weka majina ya walioona. Mwenzako mwenye simu apige picha mashine ilivyokuwa kabla haijasafishwa na kinga haijarudishwa mahali pake, na lazima mtu ataikimbilia kuirudisha.

Mwajiri akikaa kimya, wewe mwenyewe, ndugu zako au chama chenu mnaweza kupeleka taarifa Mfuko. Kwa vyama vya wafanyakazi, mashambani kuna TPAWU, viwandani TUICO, bandarini DOWUTA, na afisa kazi wa mkoa yupo.

Hatua ya 3: Faili lako libaki kwako

Tanga wenyewe twasema waja leo waondoka leo. Madaktari nao ni hivyo hivyo: aliyekushona ahamishwa, aliyesoma picha yako yuko masomoni, na faili la hospitali laulizwa na watu watatu wasilione. Kwa hiyo kila ukitoka, toka na nakala. Vibanda vya fotokopi vya Ngamiani havijafunga. Ninayotaka uwe nayo ni karatasi ya siku ya kwanza, barua ya rufaa, taarifa ya upasuaji kama ulipasuliwa (hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayosema ni mshipa gani uliokatwa na umeungwa au haukuungwa), picha za eksirei pamoja na maelezo ya msomaji wake, kila ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) uliyopewa, kadi ya mazoezi ya viungo, na hati za mshahara za kabla ya ajali. Malipo yote yanahesabiwa kutokana na mshahara wako, na kibarua asiye na hati yoyote atabaki akibishana kuhusu alikuwa akipata ngapi.

Nyumba zetu zina unyevu wa pwani. Weka kwenye mfuko wa nailoni, na picha za eksirei usizikunje.

Hatua ya 4: Daktari usimjibu kama unavyomjibu jirani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wakijinyima kwa mdomo wao wenyewe.

Sisi tumelelewa kwamba ukiulizwa hali unashukuru. Mtu ana mguu umeoza, ukimuuliza vipi hali anakwambia alhamdulillahi, nzuri tu, habari za nyumbani. Ni adabu, na sisemi tuiache. Lakini fikiria chumba cha daktari. Mzee anaingia, "shikamoo daktari" hata kama daktari ni mdogo kuliko mwanawe wa mwisho. Daktari anauliza, "Marahaba, mzee, unaendeleaje?" Mzee anajibu, "Namshukuru Mungu, sijambo." Daktari ana wagonjwa arobaini nje. Anaandika: *anaendelea vizuri, hana malalamiko.* Hakukosea, kaandika alichoambiwa. Mzee yule yule akifika nyumbani hawezi kufunga kitufe cha shati.

Mistari minne kama hiyo kwenye faili, mwezi kwa mwezi, ndiyo atakayoisoma mpimaji. Ukija siku ya tathmini ukasema maumivu hayajawahi kuacha, faili linakukana.

Basi shukuru Mungu kwanza, kisha endelea: "Namshukuru Mungu, lakini mkono huu…" Na baada ya "lakini" usiseme "wauma sana". Neno "sana" halipimiki. Sema usichoweza kufanya: siwezi kubeba ndoo ya lita 10 kwa mkono huu, nikishika panga linaniponyoka, kidole cha tatu hakifiki kiganjani, usiku naamka mara mbili kwa ganzi, nikisimama kuanzia swala ya adhuhuri mpaka alasiri mguu unavimba. Wanawake wa brashi niliowasindikiza walikuwa hodari kwa hili kuliko wanaume, maana wao waliweza kutaja: kukuna nazi, kukamua tui, kusuka nywele za mtoto. Wanaume tunasema "nguvu zimepungua" tukanyamaza.

Upande wa pili wa jambo hili una hatari yake. Usiongeze. Wapimaji wanazo njia za kumtambua anayeigiza: hukupima kiungo kile kile zaidi ya mara moja na kulinganisha, hukupima nguvu ya kushika kwa kifaa na kuona kama namba zinaruka ovyo, hukutazama unavyovua viatu ukidhani hujaangaliwa. Ukionekana umeongeza mahali pamoja, hata palipo kweli panatiliwa shaka. Na jeraha la zamani lisifichwe. Kama mkono uliwahi kuvunjika ukiwa mtoto, sema, na ueleze ulikuwa ukifanya kazi gani kwa mkono huo mpaka siku ya ajali. Likigunduliwa kwenye eksirei kabla hujalisema, litahesabiwa dhidi yako lote.

Hatua ya 5: Usikimbilie kupimwa ulemavu

Kuna vipindi viwili na watu huvichanganya. Kwanza ni ulemavu wa muda: unatibiwa, huwezi kazi, una ED. Hapo Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Kipindi hiki kinashikiliwa na karatasi za daktari. ED ikiisha tarehe 10 na nyingine ikaandikwa tarehe 19, siku nane za katikati hazina mwenyewe. Kama daktari amekuruhusu kazi nyepesi, aandike nyepesi maana yake nini: asinyanyue zaidi ya kilo ngapi, asisimame zaidi ya saa ngapi. "Kazi nyepesi" tupu, nyapara ataitafsiri apendavyo.

Ulemavu wa kudumu hupimwa pale jeraha lilipotulia, yaani matibabu yamefanya yanayoweza kufanya na miezi ijayo haitarajiwi kubadilisha jambo kubwa. Mshipa wa fahamu ulioungwa hukua polepole, takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo aliyekatwa kwenye kiwiko akisubiri hisia zirudi kwenye ncha za vidole anahesabu miezi mingi. Ukipimwa mapema mno, huenda ukaandikiwa asilimia ya jeraha lisilokwisha kupona, au daktari aamue kwamba mengine yatapona na asiyahesabu. Haraka hiyo mara nyingi inatoka kwetu wenyewe, ada za shule zinatusukuma. Naielewa. Bado nakwambia subiri, na usiache mazoezi ya viungo, maana kadi ya mazoezi yenye mahudhurio mazuri na kiungo ambacho bado hakikunji ni ushahidi mzito kuliko maneno yangu na yako.

Hatua ya 6: Siku ya tathmini

Ujue kinachopimwa. Asilimia ya ulemavu inapima mwili, haipimi riziki. Mtu wa korona na karani wakipoteza kidole kile kile kwenye kifundo kile kile, kiwango cha kuanzia ni kimoja, ingawa mmoja amepoteza kazi na mwenzake anaendelea kuandika. Si haki, nadhani, lakini ndivyo mifumo hii ilivyojengwa karibu kila nchi. Kwa hiyo usiende kumweleza mpimaji kwamba una watoto sita. Nenda na mwili na karatasi.

Kwa kiungo kilichokatwa, mpimaji anaangalia kimekatwa usawa gani. Kwa kiungo kisichokunja, anapima nyuzi za mkunjo kwa kifaa chenye mikono miwili kama bikari. Hakikisha anapima na upande mzima, ili alinganishe. Kwa mshipa wa fahamu, anagusa na kuchoma taratibu ajue hisia zimeishia wapi, na anaweza kuhitaji kipimo cha umeme wa mishipa, ambacho hutolewa hospitali kubwa. Kwetu rufaa za kanda ya kaskazini huenda hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa jicho, usomaji wa herufi kwa kila jicho peke yake, na miwani ikiwepo. Wakata mkonge, ncha ya jani ikikupiga jicho, usiseme "naona ukungu" ukaishia hapo, ukungu unayo namba yake.

Mwambie unatumia mkono gani kuandikia na kulia chakula, akuandike. Vaa nguo inayovulika kwa urahisi. Usinywe dawa nyingi ya maumivu asubuhi ile "ili uwe sawa", na wala usiache dawa uliyoamriwa ili uonekane mgonjwa zaidi, kwani vyote viwili vinapotosha. Kumbuka pia kwamba ukiitwa na Mfuko kupimwa na daktari waliyemteua, ukakataa bila sababu ya msingi, malipo yako yanaweza kusimamishwa.

Kama umeumia mahali pawili, usijumlishe mwenyewe. Njia inayotumika sana katika fani ya kupima ulemavu haisemi 20 na 10 ni 30. Inasema asilimia 20 imeondoka, imebaki 80, na ile 10 inachukuliwa kutoka kwenye 80, yaani 8. Jumla 28.

Kwa nini nimekazania 28 na 30? Kwa sababu ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, mara moja, mkaagana. Ukivuka 30 unaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 400,000. Asilimia 70 yake ni 280,000. Akipimwa asilimia 40, pensheni inakuwa 112,000 kwa mwezi, kabla ya kuangalia viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa. Akipimwa 35, ni 98,000. Tofauti ya asilimia 5 ni shilingi 14,000 kila mwezi, 168,000 kwa mwaka, kila mwaka. Hizo asilimia 5 zinaweza kuwa ni kidole kimoja ambacho hakuna aliyekumbuka kukipima.

Hatua ya 7: Soma ripoti kabla hujaondoka nayo

Au mtafute wa kukusomea, mtoto wa kidato cha nne anatosha kwa hili. Tarehe ya ajali ni ile ile iliyoko kwenye taarifa ya mwajiri? Kulia ni kulia, au wameandika kushoto? Viungo vyote vilivyoko kwenye karatasi ya siku ya kwanza vimetajwa, hata kwa kusema "kimepona"? Namba za vipimo zimeandikwa, au kuna asilimia tu pasipo hesabu? Je, imetaja kwamba chanzo ni kazi? Makosa ya upande na tarehe husahihishwa kwa dakika tano daktari akiwa bado yupo. Akishaondoka, ni barua.

Kama ni ugonjwa na siyo ajali

Vumbi la singa kwenye brashi, vumbi la saruji na chokaa, kelele za mashine: hapa hakuna siku ya kwanza ya kuandika. Ushahidi wako ni historia ya kazi. Umefanya sehemu gani, miaka mingapi, barakoa ilikuwepo au ulifunga kitambaa. Mwombe daktari akupime pumzi kwa kipimo cha kupuliza, na masikio kwa kipimo cha usikivu katika chumba cha kimya, baada ya kukaa mbali na kelele walau usiku mzima. Vipimo vya afya vya wafanyakazi vinavyosimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, vile tunavyopanga foleni tukiona ni usumbufu, ni dhahabu hapa. Kile cha kuanza kazi kinaonyesha uliingia ukiwa mzima. Omba nakala ya majibu yako. Na ukivuta sigara, sema, usisubiri kikohozi kikusemee.

Hatua ya 8: Usiporidhika

Uamuzi wa Mfuko huja kwa barua. Angalia tarehe uliyoipokea, iandike juu ya bahasha, maana muda wa kupinga unahesabiwa. Unaanza kwa kumuomba Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko aupitie upya uamuzi. Usiporidhika unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada yake kuna Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wengi hawavuki ngazi ya kwanza, na wanaoshindwa hapo ninaowajua walipeleka malalamiko badala ya ushahidi. Barua inayosema "asilimia mliyonipa ni ndogo, nina familia" haina pa kushikwa. Barua inayosema "ripoti imepima vidole viwili, taarifa ya upasuaji ya tarehe fulani inaonyesha na mshipa wa fahamu ulikatwa, haukupimwa, naambatanisha kipimo kipya cha daktari bingwa" hiyo ina mpini.

Yule mwenzetu wa korona ndivyo tulivyofanya. Kipimo cha mshipa alikipata. Kilichobaki kutuzuia ni ule mstari wa zahanati, "kidole", ambao bado ulikuwa ukituangalia. Tuliuvuka kwa daftari la nyapara, lile la kuandikia mahudhurio ya zamu, ambalo mke wa nyapara alikuwa karibu kuliwashia moto wa asubuhi. Kando ya jina la mwenzetu siku ile, kwa kalamu ya risasi: *mkono wa kulia wote, korona, saa 4, kapelekwa na tela.*